Meza ya Mzani Iliyopotea Mara Kumi na Moja

Haya nitakayosimulia ni ya kweli, na anayebisha aje Kitale nimwonyeshe kiti nilichokalia yakitokea. Naapa kwa meno yangu kumi na tisa yaliyobaki. Nikiongeza chumvi hata punje moja, nayo yadondoke, ninywe uji mpaka siku mtakaponizika. Mke wangu Rahab anasema nisiape kwa meno maana hayatoshi kazi hiyo. Lakini Rahab ndiye mtu wa kwanza kusikia jinsi nilivyomfukuza chui kwa kibodi ya kompyuta, na hakuamini, kwa hivyo maoni yake tuyaweke kando.

Mimi ni Job Wabwile, mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi katika kampuni ya nafaka ya Baraka Mlimani, yenye ofisi kuu hapa Kitale na ghala kubwa kule Bungoma. Niliingia nikiwa karani wa mzani, yule anayepima malori ya mahindi, nikatoka nikiwa mlinzi wa seva. Katikati hapo hakuna chuo. Nilijifundisha kwa kusoma vile vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, vile ambavyo watu hutupa, na kwa kuharibu mitambo saa ya chakula cha mchana na kuitengeneza kabla wenzangu hawajarudi.

Sasa nieleze hiyo seva, la sivyo nitakupoteza njiani. Kule Bungoma hakuna kompyuta. Kuna visanduku vidogo, kimoja hakifiki nusu mkate, vimefungwa nyuma ya skrini. Havina akili hata kidogo. Akili yote iko Kitale, ndani ya seva tatu kwenye chumba cha baridi. Karani wa Bungoma akiandika jina la kuingilia na paswadi, seva inamtandikia meza huku Kitale na kumpelekea picha ya meza hiyo kule aliko. Fomu zake na kazi yake yote iko juu ya meza hiyo. Stima ikipotea Bungoma, meza haivunjiki. Ikirudi anaikuta ilivyokuwa. Na sheria ya seva ni hii: jina moja, meza moja. Ukiita meza yako ukiwa mahali pengine, seva inaibeba kutoka ilikokuwa na kukuletea ulipo. Sheria hiyo niliiweka mimi kwa vidole hivi, nikajisifu wiki nzima.

Halafu nikastaafu.

Kustaafu ni ugonjwa wa miguu, usidanganywe na mtu. Wiki ya kwanza nilipaka banda la ng'ombe rangi. Wiki ya pili nikalipaka tena rangi nyingine. Nilienda soko la Kwanza kuuliza bei ya mahindi ambayo sikuwa nayo, nikarudi, nikaenda tena kesho yake kuona kama imebadilika. Niking'oa msumari hapa naugongomea pale. Rahab akaniambia, "Baba Ivy, kaa chini dakika kumi tu, unanitia kizunguzungu." Nikakaa dakika nne.

Siku ya kuniaga kazini walikula keki, wakanipa saa ya ukutani, na kabla sijafika kwangu walikuwa wamelifunga jina langu la kuingilia. Ni utaratibu. Hata mimi niliwafanyia hivyo wastaafu wengine bila kupepesa jicho. Lakini iliniuma, bana. Basi asubuhi moja, miguu ikiniwasha, nilichukua simu nikajaribu jina la zamani kabisa, "mzani", lile nililolitengeneza nikiwa bado karani. Katika barua ya kukabidhi kazi nilikuwa nimeandika wazi kwamba jina hilo lifungwe na kila karani apewe lake. Nikaandika paswadi. Ikafunguka! Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia. Nikajiambia: wamelisahau hili.

Nia mbaya sikuwa nayo. Nilikuwa naangalia tu. Nafungua, naona ile mistari ya kijani inayoonyesha seva zinavyohema, moyo unatulia, nafunga, kama mtu anavyotoka kuhakikisha ng'ombe yuko. Nilianza na mara moja kwa siku. Mavuno yalipoanza, Jumatatu moja, nikawa nafungua mara nne, mara tano. Siku nyingine nilikuta fomu ya kupimia lori imeachwa wazi katikati ya meza, haijamalizwa. Uzembe! Niliifunga, nikaiacha meza safi, nikajiona nimeisaidia kampuni bure. Na siku nyingine picha ilinikatikia machoni. Nikatukana mtandao wa kwetu, nikaingia tena.

Basi Alhamisi ya wiki hiyo, saa mbili asubuhi, Suad akanipigia simu.

Suad ndiye aliyekalia kiti changu. Ni binti mtulivu, amekulia karibu na msikiti wa hapa Kitale, amesoma mpaka akavishwa kofia ile bapa, na bado ananiita mzee kwa heshima ninayoistahili nusu.

"Mzee Job, umeamkaje?"

"Kama jogoo."

"Mzee, Bungoma kuna kitu sielewi. Meza ya mzani inapotea. Nafisa anapima lori, katikati skrini inamtoa, inamrudisha mahali pa kuandika paswadi. Akiingia tena anapata fomu haiko. Lori kumi na moja zimeingia ghalani bila kilo."

"Kumi na moja!"

"Na msimamizi, Bwana Ngige, anasema ni Nafisa anafunga mwenyewe, ati anapitisha mahindi ya watu wake. Leo saa kumi anampatia barua ya kusimamishwa kazi." Akashusha pumzi. "Nimeangalia seva, mzee. Kumbukumbu haijajaa hata nusu, diski ni nzima, laini ya Bungoma haijakatika hata mara moja wiki hii. Nimeshindwa."

Nafisa namjua. Alikuja pale ghalani kama kibarua wa kushona magunia, akajifunza mzani kwa kuchungulia dirishani, mpaka siku karani mgonjwa alipokosekana, akaingia akapima malori ishirini bila kukosea. Ni mtu wa namna yangu.

Kuna swali la kwanza kabisa ambalo fundi wa seva anapaswa kuuliza: huyo mtu anaingia kwa jina gani? Niliwahi kuliandika kwenye karatasi nikalibandika ukutani, na jibu lake huwa kwenye daftari la seva, linaloandika kila anayeingia. Lakini fikiria, nimepigiwa simu na msomi wa kofia bapa, ananiambia ameshindwa! Kichwa kilinivimba, swali likakosa pa kukaa.

"Hiyo ni radi," nikasema.

"Radi?"

"Radi ya Mlima Elgon. Inapiga kule Suam, inaingia kwenye waya, inateremka polepole ikitafuta pa kutokea. Niliwahi kuiona ikitoka kwenye kibodi ya karani mmoja, ikamchoma sharubu upande mmoja tu. Usipoteze muda na daftari la seva. Nipitie na pikapu, twende."

Rahab alinitazama nikitafuta viatu. "Unaenda kutengeneza ama kuharibu?"

"Mama Ivy, nimeitwa."

"Sijauliza kama umeitwa."

Tulitoka Kitale saa tatu na nusu, Suad akiendesha. Mimi kukaa kwenye gari bila kufanya kitu siwezi. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikapanga karatasi zilizokuwa kwenye kijisanduku cha mbele. Tulipofika Kamukuywa vidole vikanizidi. Nikatoa simu, nikaigeuzia mlangoni Suad asione, nikafungua meza yangu ya siri nione seva zinaendeleaje. Katikati kulikuwa na fomu imeachwa wazi: dereva Sifuna, kilo za kuingia na mzigo tayari, kilo za kutoka tupu bado. Nikacheka kimoyomoyo. Uzembe huu! Nikaifunga.

Haikupita dakika, simu ya Suad ikalia. Akaiweka kwenye kipaza sauti. Ilikuwa sauti ya Nafisa, inatetemeka.

"Suad, imepotea tena! Sasa hivi! Lori ya Sifuna, nilikuwa nimeandika kilo ya kuingia, fomu imeenda. Bwana Ngige amesimama hapa dirishani ananiangalia. Nitamwambia nini?"

Wewe msomaji umeshaelewa, na pengine ulielewa kitambo. Mimi ndiye mtu wa mwisho Kenya nzima kuelewa. Damu ilinishuka mpaka nikaisikia kwenye soksi.

Lakini binadamu ana ukaidi. Nikajiambia, labda kuna Sifuna wawili. Labda radi kweli ipo. Tulipofika Misikhu nikafungua tena, safari hii bila kugusa kitu. Fomu: dereva Wekoye. Nikahesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne. Simu ya Suad ikalia.

"Suad, sasa ni ya Wekoye! Wallahi sijagusa kitu!"

Na papo hapo picha ikanikatikia mkononi, maana Nafisa alikuwa ameingia tena upande wake na kuipokonya. Kumbe mtandao wa kwetu nilioutukana siku zote hizo ulikuwa huyu mama wa watu, anavuta meza yake kutoka mikononi mwangu.

"Mzee, uko sawa?" Suad akaniuliza. "Unatoka jasho."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Barabara ilikuwa nyeupe, gari lina sisi wawili tu, na sentensi yenyewe ni fupi. Nilifungua mdomo, na mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno hata kwenye mazishi ya watu nisiowajua, ukatoa hili:

"Ni radi. Naisikia inakaribia."

Nikaizima simu, nikaisukuma ndani ya soksi.

Uwanja wa ghala la Bungoma ulikuwa umejaa. Malori yalipangana mpaka nje ya lango, na mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mlima, na mahindi mabichi hayataki mvua. Madereva walikuwa wameshuka, wanazungukazunguka kama mimi nilivyo nyumbani. Sifuna, mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu juani, alinijia.

"Mzee Job! Rori yangu imepimwa mara tatu tangu asubuhi. Si imekonda!"

"Tulia, fundi amefika."

"Fundi gani, wewe? Si ulistaafu ukafyeke nyasi?"

"Nimerudi kwa radi moja tu."

Wekoye akadakia kutoka juu ya magunia yake, "Na hiyo radi iwahi, bana, mahindi yangu yataota mimi nikiwa hapa juu!"

Nafisa alitoka kwenye kibanda cha mzani akanishika mkono kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Karibu, mzee wangu. Nimesema tangu juzi, akija Mzee Job itakwisha."

Heri angenichapa kofi.

Bwana Ngige, msimamizi, alikuwa amesimama nyuma yake. Si mtu mbaya. Ana kalamu nne mfukoni na anaamini karatasi. Bahasha ya barua ilikuwa imekwisha kuchungulia kando ya kalamu.

"Una mpaka saa kumi, mzee," akasema.

Nikaanza kazi. Kazi gani? Nilikuwa natibu mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko kwenye soksi yangu. Lakini nilifanya vizuri. Niling'oa waya nikapuliza. Nikagonga kisanduku mara tatu, nikaweka sikio. Niliomba ngazi, nikapanda, nikachungulia dari nikasema "Ahaa," nikashuka. Niliufunga waya mmoja kwa gundi ya karatasi na kumkataza kila mtu kuupita kwa mguu wa kushoto. Kisha nikamwambia Nafisa aendelee kupima. Akapima lori la Sifuna, kuingia na kutoka. Akapima la Wekoye. Akapima mengine tisa. Skrini haikutikisika. Madereva wakanipigia makofi, Nafisa akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na mimi nikainama kidogo kama askofu.

Suad peke yake hakupiga makofi. "Mzee, ulifanya nini hasa?"

"Mambo ya zamani. Hayako kwa vitabu vyenu."

"Basi acha nifungue daftari la seva nione ilipoachia, niandike ripoti." Akachukua kompyuta yake ya mkononi, akaingia ofisini.

Saa tisa na robo Bwana Ngige aliniita kando. Nilidhani ananipa chai. Akatoa bahasha.

"Asante, mzee. Umenithibitishia."

"Nimethibitisha nini?"

"Siku nne inapotea, na za leo ni mara kumi na tatu. Suad akiangalia kutoka Kitale, inapotea. Wewe unakuja, mtu ambaye huyu mama anajua hawezi kumdanganya, na inaacha pap. Masaa yote haya, hata mara moja! Mzee, umefunga waya na gundi ya karatasi. Mimi si mtoto. Mashine haiogopi mtu. Nafisa ndiye ameogopa."

Nikasema, "Bwana Ngige, ngoja."

"Ningojee nini? Saa kumi ni saa kumi."

Fikiria sasa. Nilikuwa nimemponya, na dawa yenyewe ndiyo inamfukuza kazi. Mtu mwema hapo angesema, "Ni mimi." Niliyaona maneno hayo mawili yamesimama mbele yangu. Lakini niliwaona pia Sifuna na Wekoye wakiyasikia, na yakifika Kitale kabla yangu, na watu sokoni wakiuliza kama mimi ndiye yule mzee aliyejitengenezea ugonjwa akaenda kuutibu. Nikatafuta njia ya katikati. Ndiyo shida yangu maisha yote: huwa naipata.

"Bwana Ngige," nikasema, "radi ya namna hii ina mkia. Mwili umetoka, mkia bado uko kwenye waya. Utapita saa tisa na dakika arobaini, kamili. Simama na Nafisa kibandani. Aanze kupima lori, halafu ainue mikono yote miwili juu, uione. Ikipotea akiwa ameinua mikono, si yeye. Mimi nitaenda nyuma ya ghala kuushika waya."

Nadhani alitaka kunikamata nikidanganya, maana alisema, "Sawa. Na isipopotea?"

"Nipe mimi hiyo barua."

Nilizunguka nyuma ya ghala, nikachutama katikati ya marundo ya magunia ya mahindi yaliyokataliwa, fukusi wakinitambaa shingoni. Nikaitoa simu kwenye soksi. Saa tisa na dakika arobaini nikafungua.

Kelele zilitoka kibandani kama goli limeingia. "Imepotea! Bwana Ngige, si umeona? Mikono iko juu!" Hiyo ni Sifuna, maana walikuwa wamejazana dirishani wote, hata waliokwisha kupimwa.

"Acha niingie mimi mwenyewe," nikamsikia Ngige. "Nafisa, usishushe mikono. Niambie paswadi."

Picha ikanikatikia, Ngige ameingia. Nikafungua tena, nikampokonya.

"Ya pili!" Wekoye akapiga kelele. "Imemtoa Ngige! Kumbe hata wewe, boss, unapitisha mahindi ya watu wako?"

Wakacheka mpaka mabati yakaitika. Na mimi pale kati ya magunia nilicheka pia, machozi yananitoka. Nafisa alikuwa ameokoka. Ningeacha hapo, ningekuwa nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Lakini ulishawahi kumwona mtu ambaye kitu kinamwendea vizuri akaacha? Ngige akaingia mara ya tatu. Nikampokonya mara ya tatu. Akaingia mara ya nne.

Nilikuwa nimeinua kidole kwa ya tano nilipoona kivuli kimesimama juu ya magunia. Suad. Kompyuta yake imefunguka mkononi.

"Mzee," akasema kwa upole, "hii radi ina jina?"

"Eh?"

Akageuza skrini. "Huu ni mlango wa nje wa seva. Unaandika kila anayeingia kutoka nje ya ofisi. Sikuwa nauangalia, kwa sababu Bungoma hawapitii hapo, na kwa sababu mtu fulani aliniambia nisipoteze muda na daftari. Soma hapa."

Nikasoma. Jina la kuingilia: mzani. Kifaa: simu. Jina la kifaa: Fundi Mkuu Wabwile.

"Mtu anaweza kuiba jina la simu," nikasema.

"Anaweza. Saa nne na robo aliiba tukiwa Kamukuywa, amekaa kando yangu. Nilidhani unasoma gazeti. Saa nne na dakika arobaini akaiba Misikhu." Akavuta orodha juu. "Na hizi kumi na moja za nyuma zote zinalingana na lori za Nafisa, dakika kwa dakika."

"Lakini hilo jina niliandika lifungwe! Kwa nini Nafisa analitumia? Kila karani alistahili kupewa lake!"

"Fomu ya Nafisa ya kuomba jina inataka sahihi tatu. Miaka miwili sasa iko kwenye droo ya Bwana Ngige ikingoja ya tatu. Wakaendelea na la zamani, paswadi ile ile."

Nikainuka, nikajipangusa fukusi. "Umeona! Kumbe kosa ni la sahihi."

"La sahihi nitaongea na Bwana Ngige," akasema. "La fomu kufungwa, ongea na Nafisa. Twende."

Mbele ya kibanda kicheko kilikatika walipotuona. Suad aliiweka kompyuta mbele ya Ngige na Nafisa, akawaonyesha kwa kidole. Ngige alisoma mara mbili. Kisha akaitoa ile bahasha mfukoni, akaikunja vipande vidogo vidogo, akakosa pa kuvitupa, akavirudisha kati ya kalamu. Fomu ya Nafisa alienda kuitafuta mwenyewe. Akaitia sahihi amesimama.

Suad alimfungulia Nafisa jina lake hapo hapo, halafu akanikalisha kibandani, akanisogezea kibodi. "Hilo la 'mzani', mzee, lifunge wewe."

Nililifunga. Kitufe kimoja, na kingine cha kuuliza kama nina hakika. Nilikaa kwenye hicho cha pili muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa kwenye kitu chochote tangu nistaafu. Baada ya hapo simu yangu ikawa ya kupigia tu.

Sasa Nafisa akanigeukia.

"Siku nne, mzee," akasema. "Siku nne naingia kazini kila mtu ananiangalia mikono. Jana nimemwambia mama yangu aanze kuniulizia kazi ya kushona magunia Webuye. Na wewe leo umeweka sikio kwenye kisanduku."

"Nafisa, mama, nisamehe. Nitakuletea jogoo. Wawili."

"Sitaki jogoo." Akainyoosha shingo ya kipaza sauti, kile cha kuitia malori yaingie mzanini, ambacho husikika mpaka nje ya lango. "Hawa madereva waliambiwa mimi ni mwizi. Wako hapo. Waambie."

Nikakohoa. Nikawasha.

"Mabibi na mabwana, wakulima na wasafirishaji, kwa miaka mingi imejulikana kwamba katika milima yetu kuna nguvu za ajabu ambazo—"

Tik. Nafisa alikuwa amezima.

"Anza tena."

Nikawasha. "Mimi, fundi Job Wabwile, baada ya uchunguzi wa kina na wa hatari, nimegundua kwamba—"

Tik.

"Mzee," akasema Nafisa, "mvua inakuja, na watu wangu hawajapimwa. Anza tena."

Nilitazama nje. Sifuna alikuwa amevua kofia ili asikie vizuri. Wekoye amekaa juu ya lori lake tupu amening'iniza miguu. Suad amekunja mikono. Shingo ilikuwa inaniwasha kila mahali, na hakukuwa na mlango wa kutokea.

"Mimi ni Job Wabwile," nikasema, na sauti ikanirudia kutoka ukuta wa ghala. "Niliingia kwenye meza ya Nafisa kwa simu yangu kidogo. Kila nilipoingia ilimtoa yeye. Nilikuta fomu zenu, nikazifunga. Nilijua tangu asubuhi, nikanyamaza. Nafisa hajaiba hata punje."

Kisha Sifuna akapanda kwenye lori lake, akapiga honi, na wengine wakafuata, mpaka sikujua kama wananizomea au wanamshangilia yeye. Nilidhani nimemaliza. Nikaanza kuinuka.

Nafisa aliweka mkono begani kwangu, akanirudisha kitini, akangoja honi zitulie.

"Umesema 'kidogo,'" akasema. "Itoe hiyo, mzee. Anza tena."

Nikaitoa. Nikaanza tena.